Mpaka Bahari Irudi: Maisha ya Ama Yarni

Ya'ahowu, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa ukoo wa Waruwu, wajomba zetu wa ukoo wa Hia ambao bila ninyi hata ibada hii isingeanza, majirani wa Luahabaya, na ninyi mliopanda pikipiki tangu alfajiri kutoka Gunungsitoli, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Asiani, mtoto wa mwisho wa marehemu, nimetumwa na familia nisome historia ya maisha yake, na mama ameniagiza nisome bila kupunguza wala kupamba, kwa kuwa marehemu mwenyewe, alipoona hali imekuwa mbaya, alituita akasema, "Msije mkanivika ushujaa wakati nimelala siwezi kukataa. Semeni tu nilikuwa mwoga." Basi tunalisema mapema lisitukwaze huko mbele, marehemu alikuwa mwoga, aliogopa mvua, aliogopa mlima, aliogopa bahari, na kwa vile ardhi ilitikisika tena juzi Jumanne tukiwa tunachimba kaburi, turubai limefungwa mbali na ukuta wa kanisa, na njia ya kukimbilia ni hiyo iliyo kushoto kwenu, mnapita kwenye minazi, moja kwa moja mlimani. Angetununia kama nisingeitaja.

Marehemu Hezatulö Waruwu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Ama Yarni, yaani baba wa Yarni, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957 juu ya mlima Hiligara, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Fanolo Waruwu na marehemu Samaeri Zai, waliokuwa wakulima wa viazi vitamu na wafugaji wa nguruwe. Hiligara maana yake ni mlima wa mawe, lakini sisi tuliokulia huku tunajua kuwa jina hilo ni la kujifariji tu, mawe yamo, ila yameelea ndani ya tope la kijivu kama vipande vya nyama kwenye mchuzi mzito, na mvua ikishika mchuzi huo huanza kusogea. Alipokuwa mdogo, akipalilia shamba la baba yake, aliokota makombe ya baharini, huko juu mbali na maji, akampelekea mama yake kwa furaha, na bibi yetu akamwambia ayarudishe alikoyatoa upesi, kwa sababu mwenyewe anaweza kuja kuyadai. Huo ndio ulikuwa woga wake wa kwanza, na makombe hayo tutayarudia.

Alianza masomo mwaka 1966 katika shule ya msingi ya wamisionari iliyokuwa chini ya mlima, akasifiwa kwa hesabu na kwa kuimba sauti ya pili, na angeendelea kama si yaliyotokea tarehe 13 Novemba 1971, mchana, ambapo mlima ulitembea. Sisemi uliporomoka, kwa sababu marehemu alilikataa neno hilo maisha yake yote, alikuwa akisema kitu kinachoporomoka hupiga kelele na kumpa mtu nafasi, lakini Hiligara uliondoka taratibu huku migomba ikiwa imesimama wima juu yake, ukaenda na banda la nguruwe, na kaka yake Faosi alikuwa bandani akifungua kamba za nguruwe. Faosi alimwona mdogo wake amesimama ng'ambo ya ufa akitetemeka, akamwambia, "Heza, kimbia kawaite wazee, mimi nawafungua hawa wawili tu nakuja." Marehemu alikimbia, na aliporudi na wazee hapakuwa na banda wala migomba, palikuwa na tope linalong'aa, na mwili wa Faosi haujapatikana mpaka leo. Marehemu aliacha shule akiwa darasa la sita, na familia ikahamia hapa pwani, Luahabaya, kwa hoja kwamba pwani ni tambarare na kitu kilicho tambarare hakina pa kuangukia.

Katika maisha ya kazi, marehemu alikausha mbata, akavua pweza na kamba wakubwa kwenye mwamba wa matumbawe maji yakipwa, hakwenda kina kirefu hata mara moja, na tangu mwaka 1983 alikabidhiwa kengele ya kanisa, kazi aliyoipenda kwa sababu mnara ulikuwa na dirisha, na dirishani aliweza kuona mlima upande mmoja na bahari upande wa pili bila kugeuka sana. Tarehe 9 Juni 1990 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Rosmina Hia, baada ya uchumba uliochelewa kwa kuwa marehemu alishindwa kuleta posa, mara mvua, mara upepo, mpaka mjomba Bazatulö, kaka wa mama, ambaye ameketi pale mbele na anajua nitakachosema, akamwuliza dada yake waziwazi, "Mtu anayekimbia radi atakulinda vipi?" Mama akamjibu, "Anayekimbia radi ndiye anayeziba paa kabla halijavuja. Wewe la kwako linavuja tangu mwaka juzi." Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu, Yarniwati mwaka 1991, Sökhizatulö mwaka 1995, na wa tatu nitamtaja mahali pake, kwa sababu kuzaliwa kwake ndiko kulikogeuza maisha ya marehemu.

Tarehe 26 Desemba 2004, Jumapili, asubuhi, marehemu alikuwa mnarani, kamba mkononi, akaiona bahari inaondoka. Hapa naomba mnisikilize bila kunung'unika, kwa kuwa maneno mengi yamesemwa juu ya siku ile. Aliona mwamba unabaki mtupu, akaona watoto wanakimbilia samaki waliokuwa wakirukaruka kwenye madimbwi, na hakuelewa anachokiona, hakuna aliyeelewa, kamba ikabaki mkononi mwake na kengele haikulia. Majina ya waliochukuliwa na wimbi yako kwenye jiwe mbele ya kanisa, mmepita hapo mkiingia. Baba hakuyapita tena majina hayo bila kushika ukuta.

Ndiyo maana mwezi Januari 2005, kijiji kilipokutana uwanjani, iliwekwa sheria fupi ambayo kila mtoto aliikariri, kwamba bahari ikiondoka kengele ipigwe, watu wapande mlimani, na kengele isinyamaze mpaka bahari irudi, kwa maana kwamba kengele ikiwa inalia wimbi bado linakuja na mtu asishuke. Nyote mliokuwa watu wazima wakati ule mliinua mikono. Marehemu peke yake aliuliza, "Na isiporudi?" Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba ule, na mkuu wa kijiji akamwambia, "Ama Yarni, tangu lini bahari ikaenda isirudi? Itahamia wapi?" Swali likafungwa.

Usiku wa tarehe 28 Machi 2005, Jumatatu ya Pasaka, ardhi ilitikisika kwa namna ambayo sina haja ya kuwasimulia, na kijiji kizima kikapaza sauti ile ya wazee wetu, "Biha, tua! Biha, tua!", yaani inatosha, babu, inatosha, tukimwomba yule mzee aliye chini aibebaye dunia atulie, na mchungaji wa wakati ule, aliyetufundisha kila mwaka kwamba hayo ni mambo ya kipagani, alisikika akiita kuliko wote. Kanisa lilianguka. Marehemu na mjomba Bazatulö waliitoa kengele kwenye kifusi, wakaifunga kwenye mti na kuibeba mabegani kama nguruwe wa karamu, wakapanda nayo Hiligara, mlima ule ule uliomla kaka yake, ambao marehemu alikuwa hajaukanyaga tangu utotoni, na mama nyuma yao akiwa na mimba ya mwezi wa tisa, akiwa amemshika mkono bibi yetu. Mjomba alisema njiani, "Shemeji, umeruka majivu ukakanyaga moto." Marehemu aliuweka mti sawa begani akaendelea kupanda.

Kulipopambazuka wakatazama chini, na bahari haikuwapo. Mwamba wote ulikuwa nje, kuanzia ufukweni mpaka kule mawimbi yalikokuwa yakivunjikia, mweupe, wenye pembe, unachuruzika maji, matumbawe yaliyokuwa hayajawahi kuona jua yako hewani, na samaki wanatapatapa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekimbilia samaki. Kila mtu alijua maana yake, kwani walikwisha kufundishwa kwa gharama kubwa. Marehemu aliitundika kengele kwenye tawi la mti wa mdurian akaanza kupiga.

Alipiga siku ile mpaka giza, bahari haikurudi. Walipeana zamu na mjomba usiku, na asubuhi ya pili mwamba ulikuwa pale pale, umekauka, umeanza kunuka, na kwa hesabu ya mwoga wimbi linalochelewa ni wimbi linalokua, hivyo kadiri saa zilivyopita ndivyo walivyozidi kuogopa, wakafikiri bahari imerudi nyuma sana kwa sababu inajiandaa sana. Chini kulikuwa na nazi, mchele uliofukiwa, dawa, nguo kavu, lakini kengele ilikuwa inalia na sheria ilikuwa sheria. Juu kulikuwa na mvua, tope linateleza chini ya miguu, na baada ya kila muda ardhi inatikisika tena, watu wanaita tena biha, tua, watoto wamekauka sauti. Viganja vya marehemu vilichunika, akafunga vitambaa. Siku ya nne mjomba alimwambia, "Shemeji, tushuke. Bahari ikienda hairudishwi kwa kengele." Marehemu akamjibu, "Safari ile sikupiga. Unataka nianze kunyamaza leo?"

Bibi yetu Samaeri Zai alifariki mlimani tarehe 31 Machi, kwa baridi na kifua, amefunikwa jani la mgomba, na kengele ya mwanawe ikilia juu ya kichwa chake. Wapo waliosema baadaye kwamba kengele ndiyo iliyomuua, wakampa marehemu jina la Ama Kengele, na jina hilo limemfuata sokoni na kanisani kwa miaka. Familia inaomba leo jina hilo lizikwe kabla yake, kwa kuwa sheria ile tuliipitisha sote, na aliyeuliza swali alikuwa yeye.

Tarehe 2 Aprili, Jumamosi, asubuhi, mama alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hashuki. Mkunga, Ina Feri, yaani mama wa Feri, aliyewapokea wengi wenu mlio hapa, alimpapasa, akatoka nje ya hema la majani, akamwambia marehemu bila kumzungusha, "Mtoto amekaa vibaya. Kuna madaktari wameshuka na helikopta kwenye uwanja wa mpira kule mjini. Asipofika leo, utawazika wawili." Barabara ya mlimani ilikuwa imekatwa na maporomoko sehemu nyingi, daraja lilikuwa limelala mtoni, fukwe zimefunikwa na magogo na kifusi, na njia iliyobaki, pana, kavu, iliyonyooka mpaka mjini, ilikuwa moja tu, ni mwamba wenyewe, sakafu ya bahari, pale pale ambapo wimbi lilikuwa linangojewa. Marehemu alisimama ameshika kamba. Mama alimwita kutoka ndani, "Ama Yarni." Akajibu, "Bado haijarudi, Ina Yarni." Mama akasema, "Najua haijarudi. Acha kamba, njoo."

Aliiacha. Waliokuwapo wanasema ukimya ule uliwatisha kuliko tetemeko, watu walitoka kwenye mahema wakimtazama kana kwamba amevua nguo, na mzee mmoja akaanza kulia, kwa sababu kengele ilikuwa imenyamaza na bahari haikuwapo, na hakuna sheria iliyosema mtu afanye nini. Marehemu, mjomba Bazatulö na vijana wawili wa ukoo wa Hia walimlaza mama kwenye machela ya mianzi wakateremka, Ina Feri mbele akipapasa njia kwa fimbo, wakapita kwenye kifusi cha nyumba zao bila kusimama, wakaingia baharini kwa miguu mikavu.

Marehemu alisimulia safari ile mara moja tu katika maisha yake, kwa hiyo nayasema aliyoyasema. Alisema mwamba ulikuwa unakwaruza ndala na kuvunjika chini yake, kwamba harufu ilikuwa ya samaki na ya kitu kingine, kwamba walipita juu ya mashimo ambayo alikuwa akiyafahamu kwa mkono tu, alikovua pweza akiwa amezama mpaka shingoni, sasa anayaona yamekauka na pweza wamo wamekufa. Alisema hakuweza kuacha kutazama kushoto, kule maji yalikokuwa yamesimama kama mstari mwembamba, akisubiri mstari uanze kunenepa, akajikwaa, machela ikayumba, na mama akiwa kwenye uchungu wake akamwambia, "Wewe, nitazame mimi. Hukuoa bahari." Mjomba alicheka, na marehemu alisema kicheko kile ndicho kilichomvusha nusu ya njia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na hakuna siku usemi huo ulipotimia kwa miguu kama siku ile.

Katikati ya mwamba, mbali na ardhi na mbali na maji, ardhi ilitikisika tena, kwa nguvu, matumbawe yakalia kama vyombo kabatini, wakamweka mama chini wakalala kifudifudi, na marehemu akainua uso akaona mstari wa maji unameremeta, akajua ndio wenyewe. Hakukimbia. Sisemi alikuwa jasiri, yeye mwenyewe alisema miguu ilikataa, lakini alimlalia mama, akamfunika, wakaita pamoja biha, tua, biha, tua, na hakuna anayejua mpaka leo kama mama alikuwa anaiambia ardhi au tumbo lake, kwa sababu katika mtikiso ule mtoto aligeuka, na Ina Feri akapiga magoti juu ya mawe akampokea. Maji hayakuja. Mama alivuja damu sana, walikimbia naye mpaka uwanja wa mpira, madaktari wakamwokoa, na mtoto akapewa jina la Asiani, kutokana na asi, ambayo ni bahari kwa lugha yetu. Mtoto huyo ndiye anayewasomea.

Kijiji kilishuka chenyewe wiki ile ile, mmoja mmoja, kwa aibu, bahari ikiwa bado haijarudi, na haikurudi, na tangu siku ile marehemu alilala na ndala miguuni. Mwezi Agosti 2005 alifika Bi Laras, mtaalamu wa miamba kutoka Bandung, pamoja na wenzake, wakiwa na msumeno wa injini, wakaajiri watu wa kuwabebea vifaa, na marehemu akajiandikisha kwa kuwa alitaka kuwa karibu na yeyote anayejua lini wimbi litafika. Walikata matumbawe ya duara, yale makubwa kama meza, na ndani yake mlikuwa na miviringo kama ya mti uliokatwa, na Bi Laras aliweza kusoma humo mwaka ambao tumbawe lilizaliwa, miaka liliyonenepa, mwaka lililougua na mwaka lililokufa, kwa mpangilio huu huu ninaowasomea sasa. Alieleza kuwa tumbawe haliwezi kuishi juu ya maji, hivyo ardhi ikizama nalo hupata nafasi ya kupanda, na ardhi ikiinuka hufa kichwa, na kwamba haya yote yamekufa siku moja, kwa sababu bahari haikwenda popote, ni sisi tulioinuliwa.

Siku hiyo hiyo, jikoni kwetu, marehemu alimwomba aeleze tena polepole. Mama alikuwa amekuna nazi. Bi Laras akaitandaza nazi ile juu ya jamvi, akasimamisha ubao wa kukatia, akamwambia mjomba aushikilie kwa nguvu usisogee, kisha akaanza kulivuta jamvi lipite chini ya ubao, na nazi, iliyoshindwa kupita, ikakwanguliwa ikarundikana mbele ya ubao, ikajikunja, ikapanda, na kadiri jamvi lilivyozidi kuingia nazi mpya ilijisukuma chini ya ile ya kwanza na kuiinua juu zaidi. Akasema, "Jamvi ni sakafu ya bahari. Ubao ni Sumatra. Hili lundo ndilo Nias, kisiwa chenu." Akaonyesha kwamba jamvi huwa linanasa, na linaponasa huburuta lundo na kulizamisha kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka siku linapoachia, na lundo huruka juu kwa mara moja. Mama akauliza, "Na mchuzi wangu nitatilia nini?" lakini marehemu hakucheka, alikuwa anaitazama nazi iliyokuwa juu kabisa karibu na ubao. Akauliza, "Na mlima Hiligara?" Bi Laras akasema, "Mlima ni lundo la zamani, mzee, la kwanza kukwanguliwa. Ni tope la bahari lililosagwa na kusukumwa juu. Ndiyo maana linateleza." Marehemu akasema, "Na makombe." Bi Laras akasema ndiyo, na makombe.

Alitoka akaketi nje, mama akamfuata, akamkuta ameishika ardhi kwa viganja viwili. Akamwambia, "Ina Yarni, hatujawahi kuishi nchi kavu. Niliikimbia bahari nikapanda juu ya bahari." Tunadhani woga wake ulibadilika siku ile, haukupungua, maana mtu anayeogopa mlima hukimbilia pwani, na anayeogopa pwani hukimbilia mlima, lakini yeye alikuwa ameambiwa kwamba kote ni mahali pamoja na kwamba panasukumwa hata sasa tukiwa tumeketi. Kabla Bi Laras hajaondoka alimfuata mpaka garini akamwuliza swali lile lile la Januari, isiporudi je. Bi Laras akamjibu, "Itarudi, mzee. Jamvi limeshanasa tena. Itapanda kwa upana wa kucha kila mwaka, na siku moja tutaruka tena." Marehemu alikuja mbio kumwambia mjomba, "Si nilisema inarudi?" Mjomba akasema, "Kwa mwendo huo, shemeji, kengele uliipiga mapema mno."

Marehemu aliendelea kuwabebea wataalamu vifaa kila walipokuja, mpaka mwaka 2012, akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa mwaka 2014, lakini kanisa jipya lilipopata mnara alikataa katakata kushika kamba, na hakuishika tena. Badala yake alichora mstari wa rangi nyekundu kwenye jiwe pale maji yanapofika yakijaa, na kila Pasaka alikwenda kuutazama, akirudi mezani anasema neno moja, "Inapanda," sisi tukila. Mwaka jana mstari ulikuwa umefunikwa kwa upana wa kiganja. Alirudi akiwa amelowa mpaka magotini, akanawa, akala viazi na nguruwe wa sikukuu mpaka akaomba nyongeza, na mama alimwuliza mbona leo amefurahi. Alisema, "Deni la kengele limekwisha."

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Oktoba 2024, akalazwa Gunungsitoli, ghorofa ya pili, na tatizo likawa ghorofa kuliko figo. Muuguzi alimwambia, "Mzee, vua ndala, unachafua shuka," naye akamwuliza, "Mwanangu, likija tetemeko, utanivalisha wewe?" Muuguzi alicheka, lakini wiki iliyofuata kitanda kilihamishiwa chini karibu na mlango, na muuguzi mwenyewe akaonekana zamu ya usiku amefunga kamba za viatu mara mbili. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alituita akatuonyesha mahali pa kaburi, na tulishangaa, kwani alichagua Hiligara, chini ya mdurian ule, kwenye tope lililomchukua Faosi na alipozikwa bibi. Sökhi alimwambia, "Baba, pale panatembea." Akajibu, "Nitatembea nao. Pengine tutakutana." Hali ilibadilika tarehe 10 Mei 2025, na umauti ulimfika Jumapili tarehe 11 Mei, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, mama akiwa amemshika mkono, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne waliozoea kumwita Tua, yaani babu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gunungsitoli, hasa yule wa viatu, tunamshukuru Bi Laras aliyetuma salamu na picha ya tumbawe, majirani waliochangia nguruwe na mchele, vijana waliochimba kaburi na kurudi kulichimba tena baada ya mtikiso wa juzi, na Ina Feri, ambaye macho hayaoni lakini amekuja. Mjomba Bazatulö ameomba aipige kengele yeye, na ameahidi kuipiga kidogo tu kisha aiache inyamaze, kwa sababu bahari imerudi.

Mwisho, mtakapopita kumuaga mtaona marehemu yuko miguu mitupu, na msidhani tumesahau. Leo asubuhi tulikuwa tumemvalisha ndala zake kama alivyolala miaka yote ya uhai wangu, na mama aliingia, akatazama, akapiga magoti akazivua kwa mkono wake, moja, kisha nyingine, akasema, "Hakuna tena pa kukimbilia, Ama Yarni." Nasi wajao nyuma yako tumebaki juu ya lundo hili, baba, bado tunaogopa, na ardhi itakapotikisika tena tutaita kama tulivyoita siku zote, ila kuanzia leo tutajua aliyeko chini ni nani, na wewe unajua ilivyo kuishi huku juu, hivyo tukikuita utushikilie. Biha, Tua. Tua mzigo wako. Pumzika kwa amani.